Boksi la Mzee Hoza

Boksi la tatu nalo lilikataa, tena kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyomkera Fundi Mwantumu kuliko kukataliwa kwenyewe.

"Samahani," lilisema kwa sauti ya mwanamke aliyelelewa vizuri. "Injini hii siitambui. Tafadhali wasiliana na muuzaji wako."

"Wasiliana naye wewe," Mwantumu alilijibu, akachomoa soketi kwa nguvu hata waya mmoja ukabaki mkononi mwake. Sasa alikuwa na kazi mbili, boksi lililokataa na waya uliokatika. Hasira hasara, walisema wahenga, lakini wahenga hao hawakuwahi kufungua gereji Korogwe.

Pikapu ilisimama katikati ya uwanja, boneti wazi, upande mmoja rangi ya chungwa na upande wa pili kijivu, kwa kuwa ilitokana na magari mawili yaliyokufa vifo tofauti. Chasi na gia zilitoka kwenye lori dogo la shamba la mkonge. Injini ya silinda sita ilitoka kwenye gari la kifahari la zama zile ambapo watu walinunua petroli bila kuulizwa kibali. Mwantumu mwenyewe alizipanua nozeli zake za kunyunyizia mafuta ili zinywe spiriti ya mkonge, maana spiriti huliwa kwa wingi kuliko petroli, na injini isiyoongezewa kinywaji hukohoa kama mgonjwa wa kifua. Alizichonga, akazichomelea, akazifunga, na hakuna chuma hata kimoja kilichomshinda. Kilichomshinda ni kitu kisichozidi ukubwa wa sahani ya pilau: kontroboksi, ubongo wa injini.

Asiyejua hudhani boksi ni boksi tu. La kwanza alilojaribu lilijua kuzungumza na nozeli nne, na injini ilikuwa na sita, kwa hiyo silinda mbili zingekaa kama wageni wasiotengewa chakula. La pili lilikuwa na njia sita, lakini lilizoea injini nyingine. Kila injini ina gurudumu lenye meno mwishoni mwa mhimili wake, na boksi huyahesabu meno yakipita ili lijue wakati wa kutoa cheche. Boksi lile lilihesabu meno ambayo hayakuwepo, likatoa cheche pistoni ikiwa bado njiani, na injini ikarudi nyuma kwa teke lililovunja stata. Hili la tatu, jipya kabisa, lilikuwa na njia zote, meno yote na lugha zote. Kosa lake lilikuwa moja. Lilikuwa na maoni.

Maboksi mapya yote yana maoni. Yanaijua injini yaliyozaliwa nayo, yanaijua sheria, na zaidi ya yote yanaijua barabara.

Hilo la barabara ndilo lililomleta Nesi Ernesta Singano gerejini asubuhi ile kabla hajaenda sokoni, na sare yake nyeupe ikiwa na tope mpaka magotini.

"Limegeuza tena," alisema hata kabla ya salamu.

"Gari la zahanati?"

"Tumefika darajani, pale njia inapoanza kupanda mlima wa Kwembago. Likasimama. 'Barabara iliyo mbele si salama. Nitageuza.' Nikaliambia huko juu kuna mzazi. Likasema linanielewa. Linanielewa, fundi! Likageuza usukani lenyewe na mimi nimekaa ndani kama mzigo. Nikafungua mlango nikashuka, nikapanda kwa miguu. Nimewakuta nusu ya njia wanamteremsha kwa machela."

Mwantumu aliweka spana chini. "Wako salama?"

"Mama yuko salama," Ernesta alisema. "Mtoto hakulia."

Kisha nesi akaitazama pikapu ya rangi mbili kwa macho ya mtu aliyechoka kuomba, akasema, "Uliniahidi kabla ya masika."

"Nilikuahidi injini, dada. Injini hiyo hapo. Sijapata wa kuiongoza."

"Basi mtafute," Ernesta alisema, akaenda zake sokoni kununua sabuni ya zahanati.

*

Bakiza wa Tanga, muuza spea aliyejua kila boksi lililowahi kupita bandarini, alipokea simu huku anatafuna.

"Unataka boksi gani, Tumu? Sema nikusikie."

"Nataka lisilouliza maswali. Njia sita, lisome meno ya injini za zamani, likubali nikiliambia kiasi cha spiriti. Nililishe ramani yangu mimi ya mafuta na cheche."

"Hayo ya kale? Yale mabubu? Yalikusanywa yote yakasagwa, mwenyewe umeona. Mwenye nalo analificha kama bangi."

"Na yale ya kati?"

Bakiza aliacha kutafuna. Maboksi ya kati yalitengenezwa kwa miaka michache tu, baada ya mabubu na kabla ya haya yenye maoni. Barabara hayakuijua wala sheria hayakuijali. Yalijua kujifunza. Ukilifunga kwenye injini, husikiliza mpaka liielewe, husikiliza na mkono wa dereva, kisha hujifunga hapo. Likishajifunga, huwa na mume mmoja tu: likipata wa pili, humsahau wa kwanza.

"Ya kati yamebaki ndani ya magari ya watu," Bakiza alisema. "Na wenye magari hawauzi. Nikuulize wewe, ungeuza?"

Macho ya Mwantumu yalikuwa yametua kwenye kona ya uwanja, chini ya bati, ambapo gari la bluu la Mzee Athumani Hoza lilikuwa limeinuliwa kwa jeki, gurudumu moja la nyuma likiwa limefunguliwa. Lilikuja kubadilishwa beringi tu. Injini silinda sita, ya ukoo uleule wa ile ya pikapu. Boksi la kati.

Hapa lazima isemwe desturi moja ambayo kila fundi anaijua na hakuna fundi anayemweleza mteja. Gari likilala gerejini, linageuka pia kuwa stoo. Ukitaka kujua kama pampu ya mtu imekufa, unachomoa pampu nzima kwenye gari la jirani, unajaribishia, unairudisha, na mwenye gari la jirani anakunywa chai yake bila habari. Hakiibwi kitu. Kinaazimwa kwa dakika, kinarudi, na wakati mwingine kinarudi kikiwa kimefutwa vumbi. Mwantumu alifundishwa hivyo na fundi wake, naye fundi wake alifundishwa hivyo.

Na boksi la kati lina usalama wake. Halianzi kujifunza mpaka injini ipate moto. Unawasha, unasikiliza, unazima ikiwa bado baridi. Alitaka kujua jambo moja tu, kama meno na njia vitalingana, ili ajue la kumwambia Bakiza atafute. Alijisemea hivyo, na wakati anajisemea alikuwa ameshashika bisibisi.

Ng'ambo ya barabara, chini ya turubai la muuza chai, Mzee Hoza alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu akicheza drafti na kumtukana mpinzani wake. Alikuwa mwendesha mashine wa kiwanda cha mkonge mpaka mkanda wa mashine ulipomvunja uti wa mgongo. Tangu hapo aliendesha gari kwa mikono tu: kifimbo cha kulia cha mafuta, cha kushoto cha breki, na mkono wa kushoto ulikuwa unatetemeka. Boksi lake lilikuwa limejifunza mtetemeko ule kwa miaka mingi, likajua upi ni mtetemeko na ipi ni nia. Maboksi mapya hayavitambui vifimbo vya kuchomelea. Bila boksi lile Mzee Hoza asingeendesha tena, na yeye, aliyekaa peke yake maili kadhaa nje ya mji, alikuwa akisema wazi kuwa siku atakayopelekwa sokoni na mtu ndiyo siku ya kumchimbia kaburi.

Mwantumu aliyajua yote haya. Alivifunga vifimbo vile yeye mwenyewe.

Alilichomoa boksi la Mzee, na soketi za pikapu zikaliingia kama zilizozaliwa pamoja. Alining'iniza kidumu cha spiriti kwenye boneti, akaunganisha kipimio cha kusomea boksi, akalilisha boksi ramani yake, akawasha.

Injini iliwaka mara moja. Haikukohoa, haikurusha teke. Ilinguruma kwa sauti nzito iliyonyooka, silinda sita zikipokezana kama watwangaji wa kinu kimoja, na Mwantumu, aliyekuwa ametukanwa na maboksi matatu kwa heshima zote, alihisi machozi yakimlenga. Akasukuma mafuta kidogo. Ikaitika. Akasukuma zaidi. Ikapaa, ikashuka, ikatulia palepale ilipotakiwa. Watu wakaanza kusogea uani. Akapiga simu kwa Ernesta, akaielekeza kwenye ekzosi akipiga kelele, "Sikia! Dada, sikia!"

Hakuizima. Hilo ndilo kosa lake, na halina maelezo marefu. Alikuwa amengoja sauti ile muda mrefu mno, na ilipokuja alitaka kuisikia.

*

Kipimio kilikuwa kikilia pi, pi, pi, lakini nani angekisikia? Alipokitazama, kioo kilikuwa kimejaa maandishi.

*Nimejifunza injini mpya. Ikizimika, nitajifunga hapa na kusahau ya zamani. Kama unataka nirudi kwa ya zamani, bonyeza RUDI kabla haijazimika. Nikirudi, hii sitaipokea tena.*

Mwantumu alisoma mara mbili, kisha akainua macho. Kidumu cha spiriti kilikuwa kimebaki chini ya nusu.

Ernesta alifika akihema, ndoo ya sabuni mkononi, uso umefunguka kama wa msichana. "Imewaka! Fundi, imewaka! Nimeisikia tangu sokoni!"

"Boksi ni la Mzee Hoza," Mwantumu alisema.

Akamweleza yote kwa haraka, akimwonyesha kioo. Uso wa nesi ulijifunga polepole.

"Kwa hiyo ukizima, tuna gari," Ernesta alisema.

"Na yeye hana."

"Ukibonyeza, yeye ana gari."

"Na nyinyi hamna. Si leo tu. Likirudi halitaikubali tena injini hii, na Bakiza anasema mengine hayapo."

Ernesta aliweka ndoo chini. "Yule pale, anacheza drafti. Mwite umwombe. Ni mtu mzima, ana akili zake. Hawezi kukataa."

"Ndiyo maana siwezi kumwita."

"Sikuelewi."

"Tazama uani, dada." Watu walikuwa wamejaa mpaka langoni, wauza mitumba, madereva wa bodaboda, mama lishe na mwiko wake. "Nikimwita hapa, wewe umesimama na sare yako yenye tope, nikamwambia, Mzee, chagua, gari lako au wazazi wa Kwembago, atasema nini mbele za watu? Atasema chukueni. Atasema huku anacheka. Hiyo siyo kuomba. Hiyo ni kumnyang'anya na kumfanya ashukuru."

"Basi usimwite!" Ernesta alishika mkono wake. "Usimwite, wala usibonyeze. Kidumu kitaisha chenyewe. Injini itazima yenyewe. Hutakuwa umefanya kitu."

Na hapo Mwantumu alitamani kulia kwa hasira, kwa sababu nesi alikuwa amesema kwa mdomo kile ambacho yeye alikuwa akikifikiria tangu aliposoma kioo. Kusimama tu. Kujifanya hajaona. Halafu kumwambia Mzee, samahani, bahati mbaya ya kazi. Angeamini. Anamwamini.

"Nguo ya kuazima," alisema, "haisitiri matako."

"Usiniletee methali! Mimi ndiye ninayeshika miguu ya machela. Wewe hutamjua yule wa kesho kutwa. Mimi namjua, anaitwa Zaina, mimba yake imekaa vibaya, na njia ni ileile. Mzee Hoza atakaa nyumbani. Ni vibaya, lakini atakaa akiwa hai."

Mwantumu alijua tu kwamba mkono wake uliingia kwenye gari la mtu bila idhini, na kwamba kila sababu nzuri aliyokuwa nayo sasa ilikuja baada ya mkono. Kama Zaina asingekuwepo, boksi lingekuwa nje vilevile.

Alibonyeza.

Injini ilinguruma mara moja zaidi, ikasita, ikapoteza silinda moja, mbili, kisha ikanyamaza. Watu uani walitoa sauti ya masikitiko kama mpira umegonga mwamba. Ernesta alibeba ndoo yake, akaenda kukaa kwenye jiwe nje ya lango, mgongo wake ukiwa umeelekea gereji.

*

Alilirudisha boksi mahali pake, akafunga beringi, akashusha jeki, akifanya kazi kwa kasi ya mwizi anayerudisha alichoiba. Alikuwa anajifuta mikono Mzee Hoza alipoingia akisukuma magurudumu yake kwa vishindo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Beringi imeisha au bado mnapiga muziki?"

"Imeisha, Mzee."

"Ile injini iliyokuwa inalia ni ya lile dude la rangi mbili?" Alitikisa kichwa kuelekea pikapu. "Imenifanya nipoteze kete mbili. Ilikuwa imekaa vizuri ile. Mbona imezima?"

"Boksi limekataa, Mzee."

"Maboksi!" Mzee Hoza alisonya. "Siku hizi mpaka mashine ina kiburi."

Alijivuta mwenyewe kwenye kiti cha dereva, kama kawaida yake bila kutaka kusaidiwa, akamwachia Mwantumu kiti cha magurudumu akikunje na kukiweka nyuma. Akashika vifimbo. Gari likawaka, likasogea laini, mkono wa kushoto ukitetemeka na gari halitetemeki. Mwantumu alilitazama likienda langoni na akajiambia kuwa walau hilo limenyooka.

Langoni Ernesta alisimama mbele ya gari.

Mwantumu hakusikia maneno. Aliona tu nesi ameinama dirishani, akizungumza bila kuinua mikono, na akaona kichwa cha mzee kikimgeukia. Kisha taa za nyuma ziliwaka nyeupe na gari la bluu likarudi kinyumenyume mpaka likasimama usawa wake.

"Kweli?" Mzee Hoza aliuliza.

"Kweli, Mzee. Nilijaribishia. Nisamehe. Nikalirudisha kabla halijajifunga."

"Nilikuwa wapi?"

"Mzee?"

"Wakati unabonyeza. Mimi nilikuwa wapi?"

"Pale," Mwantumu alisema. "Kwenye drafti."

"Ningesikia ukiniita?"

"Ungesikia."

Mzee alipumua kwa pua. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ukigonga kifimbo, tik, tik, tik, na safari hii haikuwa ugonjwa.

"Sikutaka wakuaibishe," Mwantumu alisema. "Watu walikuwa wengi. Ungeshindwa kukataa."

"Nani kakuambia?" Sauti ya mzee ilipanda, na waliobaki uani wakageuka. "Miguu ndiyo iliyokufa, Mwantumu, ulimi ninao! Ningekataa. Sikia, ningekataa mbele ya wote hao, mbele ya huyu nesi na tope lake. Ningesema gari ni langu na sitoi. Kisha ningekwenda nyumbani nikakaa na aibu yangu mwenyewe, usiku kucha, na asubuhi labda ningerudi hapa, labda nisingerudi. Hiyo ilikuwa yangu. Boksi umenirudishia. Hiyo umeniibia."

Alisukuma kifimbo. Gari lilitoka langoni, likampita Ernesta aliyekuwa ameshaanza kupandisha barabara ya Kwembago na ndoo yake, likaenda mbele kidogo, likasimama. Mwantumu aliuona mlango wa abiria ukifunguka. Nesi alisita, kisha akaingia, na gari likaondoka naye kuelekea darajani, mahali ambapo gari la chini kama lile lisingeweza kupita zaidi, boksi liwe na maoni au lisiwe nayo.

Mwantumu alibaki na boneti wazi. Alitaka kumfuata amwombe radhi, lakini hakujua amwombe kwa lipi, kwa kulichukua au kwa kulirudisha.